Kuyu lenye wadudu halijaoza

Nimeulizwa tena wiki hii: "Makuyu yameingia wadudu, tupulize dawa gani?" Msipulize. Hao ni nyigu wanaochavusha mkuyu. Waue uone: makuyu machanga yasiyoingiwa hupukutika, na mbegu huzipati. Misri mkuyu upo tangu enzi za Mafarao, lakini nyigu wa kuuchavusha hayupo, basi watu huupanda kwa vipandikizi.

Kuyu ni kifuko cha maua mengi yaliyogeukia ndani. Nyigu jike, milimita 2 hivi na hata haumi, hujipenyeza kwenye tundu la kichwani mwa kuyu, magamba ya tundu yamebana mpaka mabawa yanakatika. Pasua kuyu changa kwa wembe, mara nyingi utayakuta yamenasa pale pale mlangoni.

Akishaingia huchota chavua kwa miguu ya mbele kutoka vifuko vya kifuani, huipaka mauani, kisha hutaga kwa kuchomeka mrija wake kwenye shingo ya ua. Vitabu vinasema shingo fupi hupata buu, ndefu hupata mbegu kwa kuwa mrija haufiki. Rahisi mno! Ukipima, maua mengi yanafikika, na bado mbegu zinabaki. Wengine wanadai maua yaliyo karibu na ganda ni ya hatari, maana kuna nyigu vimelea wanaodunga mabuu kutoka nje, basi jike huyakwepa. Naegemea huko, ila ubishi haujaisha.

Na hii ya "kila mti na nyigu wake mmoja" inanichosha. Mkuyu wetu wa mtoni una wawili. Ceratosolen arabicus ndiye mchapakazi. Ceratosolen galili huingia mlango ule ule, hutaga, chavua hashughuliki nayo. Mpangaji asiyelipa kodi.

Madume hawana mabawa. Hutoka kwanza kwenye maua walimokulia, huwapanda majike wakiwa bado wamefungiwa, halafu hutoboa ukuta. Majike hubeba chavua na kuondoka. Wana siku moja au mbili za kuishi.

Ukitaka kuwaona, chuma makuyu yanayoanza kulainika lakini hayajatoboka, yatie kwenye chupa, funika kwa kipande cha chandarua. Ukiziba kwa mfuniko, jasho la makuyu litawazamisha. Ukichuma mapema, kuyu litanyauka nao wakiwa ndani.

Lililoiva lenye kitundu, majike wameshahama. Hao unaowatema ni madume waliokufa.