Vijidudu vya bahari kusafisha metali nzito, maana yake nini hasa

Kijana mmoja anayechimba dhahabu huku Busia aliniuliza juzi, mzee, ni kweli kuna vijidudu vya baharini vinakula zebaki? Nikamwambia havili, na hapo ndo wengi wanachanganyikiwa, maana mafuta yakimwagika baharini kuna bakteria wanayala kweli, wanayavunjavunja mpaka yanaisha, ila metali haivunjiki. Zebaki ichome, izike, itupe mtoni, bado ipo. Kwa hiyo ukisikia bakteria wamesafisha metali nzito, jua wameishika au wameigeuza hali, basi.

Kushika ni hivi. Ganda la nje la bakteria au la mwani lina chaji hasi, metali kama risasi na kadimiamu zikiyeyuka kwenye maji zina chaji chanya, zinavutana, zinanasa. Wengine wanatoa ute kama wa bamia na metali zinagandia humo. Hata bakteria akishakufa bado ananasa.

Kugeuza ndo kunahitaji macho. Wapo bakteria wenye kimeng'enya (kemikali ya mwilini mwao) kinachochukua zebaki iliyoyeyuka na kuirudisha iwe ile ya kung'aa tunayoijua, halafu inaruka kama mvuke. Maji yamepona, sawa, lakini mvuke umeenda wapi? Usipokamatwa unaingia kwenye mapafu ya watu, kama vile vijana wanavyoweka kile kidonge cha dhahabu na zebaki juu ya jiko la makaa na kuinama kukiangalia, jambo linaloniuma sana.

Halafu kuna wale wa kwenye tope lisilo na oksijeni, chimba kinamasi utasikia harufu ya yai viza, hiyo ni kazi yao. Gesi yenye harufu hiyo ikikutana na shaba au zinki inatengeneza unga usioyeyuka, unazama chini, na kiwanda cha zinki cha Budel huko Uholanzi kilianza kuwatumia miaka ya 1990. Lakini baadhi ya bakteria wa jamii hiyohiyo wakipata zebaki wanaigeuza kuwa aina mbaya kuliko zote, ile inayopanda mpaka kwenye samaki. Ugonjwa wa Minamata kule Japani, uliotambuliwa 1956, ulitokana na zebaki ya aina hiyo, watu walikula samaki wakaharibika mishipa ya fahamu na watoto wakazaliwa wameathirika.

Sasa kwa nini wa bahari na sisi Uganda hatuna bahari? Ni chumvi. Maji machafu ya viwanda vingi yana chumvi kali, bakteria wa maji baridi wanashindwa, wa baharini wamezoea. Na bakteria wa metali sio wageni kwetu, kule Kasese waliwahi kutumiwa kutoa kobalti kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, yaani kazi ya kinyume, kuitoa metali kwenye jiwe iingie kwenye maji.

Kijana akaniuliza, basi wakishashika wanapelekwa wapi? Hilo ndo swali lenyewe. Wanatolewa kwenye maji, wanaoshwa na asidi, metali inakusanywa. Ukiwaacha kwenye tope kando ya mto kama Nyamwamba wa Kasese, mafuriko yakija yanazoa vyote, na mto ule unaelekea Ziwa George, ambako watu wanavua samaki.