Siku mgonjwa wako anapotolewa ICU

Mgonjwa akiingizwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, ukoo mzima hukesha nje. Akitolewa kupelekwa wodi ya kawaida, simu hupigwa, Mungu hushukuriwa, na wengi hurudi makazini. Shukrani hizo ni za haki. Lakini sisi tunaohudumia wagonjwa mahututi, siku hiyo ya kuhama ndiyo hutukosesha raha.

Mgonjwa anatolewa kwa kuwa hahitaji tena mashine ya kupumulia wala dawa ya kupandisha presha inayoingia kwenye mshipa muda wote. Kupona bado. Ndani ya ICU, nesi mmoja huangalia mgonjwa mmoja au wawili. Wodini, hasa usiku, manesi wawili wanaweza kuwa na wodi nzima. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2007 unashauri wagonjwa wasitolewe ICU kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi. Kwetu vitanda vya ICU ni vichache, na mara nyingine mgonjwa hutolewa usiku kwa sababu kuna mwingine anayepigania pumzi mapokezi. Ikitokea hivyo, na hospitali ikiruhusu, ndugu mmoja alale hapo.

Kinachopotea zaidi njiani ni habari za dawa. Mtu anayetumia dawa ya kushusha presha akiingia na maambukizi makali yaliyosambaa kwenye damu, presha yake huwa imeshuka vibaya, kwa hiyo dawa ile husimamishwa, na ni sahihi kabisa. Baadaye presha inarudi, mgonjwa anahama, timu inabadilika, na dawa haikumbukwi. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha wazee karibu 400,000, ulionyesha kuwa waliopitia ICU ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kukatishiwa dawa zao za kudumu bila mtu kukusudia, zikiwemo za kuzuia damu kuganda na za tezi ya shingo. Kinyume chake pia hutokea: dawa ya kumtuliza mgonjwa iliyoanzishwa ICU inamfuata hadi nyumbani bila sababu.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kulazwa leteni dawa zake zote na pakiti zake, na mtaje za mitishamba bila kuona haya, hakuna atakayewagombeza. Siku ya kuhama muulizeni daktari: zipi zinarudi, lini, na zipi ziachwe?

Msimpe uji kabla ya kuuliza. Aliyekaa siku kadhaa na mpira wa kupumulia kooni anaweza kushindwa kumeza vizuri, na uji ukaingia kwenye mapafu.

Akiweweseka, akaona watu wasiokuwepo au kudai manesi walitaka kumuua, msikimbilie kusema ana majini. Ugonjwa mkali, dawa za usingizi na kukosa kulala huvuruga ubongo kwa muda. Mvalisheni miwani yake, mtajieni siku na mahali alipo, na mwambieni nesi.

Na jifunzeni kuhesabu pumzi. Tazama kifua kikipanda kwa dakika moja kamili. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20. Zikifika 25, au akianza kusinzia kuliko alivyokuwa asubuhi, mwite nesi papo hapo, hata kama ametoka kumpima sasa hivi.