Jirani Akigombania Kura: Msafirishaji wa Kasumulu na Tunduma Asome Nini

Uchaguzi wa Malawi au Zambia ukizua mgogoro, wenye malori Tunduma, mpakani na Zambia, na wafanyabiashara wa mchele wa Kyela wanaovukia Kasumulu, mpakani na Malawi, huuliza mambo mawili kwa pumzi moja: serikali yetu ya Tanzania itamtambua nani, na mpaka utafungwa? La kwanza halijibu la pili.

Ni nadra serikali kutoa tamko la kumtambua rais wa nchi jirani. Msimamo huonekana kwenye salamu za pongezi, kwenye cheo cha mjumbe anayetumwa siku ya kuapishwa, na kwa nani balozi mpya anampelekea hati zake za utambulisho. Kwa hiyo soma tamko neno kwa neno, usiishie kwenye kichwa cha habari. "Tunawapongeza wananchi kwa kupiga kura kwa amani" haimpongezi mshindi. "Tunafuatilia kwa karibu" haina msimamo wowote ndani yake. "Tunazisihi pande zote kufuata sheria" ni kusubiri mahakama. Ni pale jina linapoandikwa pamoja na "Rais Mteule" ndipo serikali imeamua.

Kuchelewa huko kutaja mshindi wengi hukuita woga. Mara nyingi ni busara. Malawi ilipiga kura tarehe 21 Mei 2019, Peter Mutharika, rais aliyekuwa madarakani, akatangazwa mshindi na kuapishwa ndani ya wiki moja. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama ikaufuta uchaguzi ule, na Juni mpinzani wake Lazarus Chakwera akashinda wa marudio kwa zaidi ya asilimia 58. Kasoro kubwa ilikuwa kwenye fomu za matokeo zilizopakwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia. Taarifa ya awali ya waangalizi wa uchaguzi hutoka siku mbili tatu tu baada ya kura, majumlisho yakiwa hayajakamilika. Mwangalizi akisimama kituoni ataona foleni tulivu, fomu hazioni. Zambia mwaka 2016 mambo yalienda kinyume: shauri la upinzani lilitupwa kwa kuwa siku 14 za kulisikiliza zilikuwa zimekwisha, na Rais Edgar Lungu akaapishwa.

Hata balozi akiitwa nyumbani kwa mashauriano, ubalozi hubaki wazi chini ya kaimu. Nchi zikifika mahali pa kuvunja uhusiano wa kidiplomasia, jambo ambalo ni nadra sana, Mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 2, unasema uhusiano wa kikonseli, yaani huduma kwa raia walioko nchi nyingine, haukatiki kwa sababu hiyo peke yake. Dereva aliyekwama Karonga, kaskazini mwa Malawi, bado ana pa kupiga simu.

Kinachosimamisha lori ni maandamano barabarani, amri ya kutotoka nje usiku, au mtandao kuzimwa na mfumo wa forodha kukwama. Kabla ya kupakia, ulizia tarehe ya hukumu na ya kuapishwa, kwani ndizo siku watu huingia barabarani. Mzigo unaooza, kama ndizi za Tukuyu, usiupangie kuvuka wiki hiyo.