Ozoni Haijatoboka Juu ya Dodoma

Kila muhula ninaposahihisha kazi za wanafunzi najua nitakutana na kosa la kuilaumu ozoni kwa joto la dunia, lakini safari hii limenijia kutoka upande nisioutarajia. Mwongozo wa kusahihishia mtihani wa majaribio, ulioandaliwa na walimu wenzangu wa Jiografia, unatoa alama mbili kwa mwanafunzi atakayeandika kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu tabaka la ozoni, gesi iliyo juu angani inayotukinga na miale ya jua ya urujuanimno inayochoma ngozi, limetoboka na jua linapenya moja kwa moja. Aliyetaja kaboni dayoksaidi inayotokana na mafuta na makaa ya mawe, asiigusie ozoni, anapata moja. Nimenyamaza vya kutosha.

Mchoro unaoambatana na jibu hilo haubadiliki. Dunia ni duara, Afrika imekaa katikati, ozoni ni mstari wa buluu uliopinda juu yake, na mstari huo umekatika mahali pamoja, aghalabu juu ya Tanzania, ambapo mishale ya njano inapita kwenda kumchoma mtu aliyesimama kando ya kisiki. Kisiki hakikosekani. Mwanafunzi anatueleza kwamba miti ilikatwa, ozoni ikatoboka, jua likaingia na mvua ikakoma. Na dawa yake, ukifungua ukurasa wa pili, ni kupanda miti ili tundu lizibike. Miti ina sababu nyingi njema za kupandwa, ila haizibi ozoni.

Suala la mahali nitalimaliza haraka. Tundu la ozoni hutokea juu ya Antaktika, hukua zaidi kati ya Septemba na Novemba, kisha hujifunga. Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walilitangaza mwaka 1985 kutokana na vipimo vya Halley, kituo cha utafiti cha Uingereza huko Antaktika. Ili litokee, panahitajika klorini iliyotokana na CFC, gesi zilizokuwa zikitumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, mawingu ya barafu yanayojengeka katika stratosfia, yaani tabaka la hewa ya juu lenye ozoni, wakati wa usiku mrefu wa ncha ya kusini, na jua linalorejea baada ya usiku huo. Huku kwetu ozoni ni nyembamba kwa asili, kwa kuwa hutengenezwa zaidi katika tropiki na mzunguko wa hewa ya juu huichukua kuelekea kwenye ncha. Nairobi hurushwa maputo yenye vifaa vya kupimia ozoni tangu miaka ya 1990, na wembamba huo wa kawaida ndio yanaoukuta, si tundu.

Kuna jambo moja linalonifanya nisilichukulie kosa hili kuwa la mtihani tu. Miale ya urujuanimno katika nchi zetu ni mikali kwa sababu jua hutupita karibu na utosi mwaka mzima na ozoni yetu ni nyembamba kiasili. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi leo, na watayahitaji hata siku tundu la Antaktika litakapokuwa limepona kabisa. Mwanafunzi anayedhani ukali wa jua ni ugonjwa wa mpito, utakaokwisha tundu likizibwa, amefundishwa vibaya kuhusu afya ya jirani yake.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Picha iliyomo vichwani ni ya joto linaloingia kupita kiasi, ilhali tatizo ni joto linaloshindwa kutoka. Mwanga wa jua hupasha ardhi, ardhi hurudisha nishati hiyo juu kwa miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, na gesijoto kama kaboni dayoksaidi hufyonza sehemu ya miale hiyo kabla haijafika angani. Kabla ya viwanda, kaboni dayoksaidi ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Miale ya urujuanimno, kwa upande wake, ni sehemu ndogo ya nishati ya jua, na ile inayozuiwa na ozoni ni ndogo zaidi. Hata ukiongeza kidogo inayofika chini, huwezi kupata joto lote tunalolipima.

Walimu wengine, wakitaka kulikanusha kosa hili, huleta hoja kwamba stratosfia inapoa huku hewa ya chini ikipata joto. Naomba tuiache hoja hiyo, au tuitumie mahali pake. Inafaa sana dhidi ya anayesema kwamba jua lenyewe limeongezeka makali, kwa maana jua kali lingepasha tabaka zote. Dhidi ya anayelaumu ozoni haifai kitu, kwa sababu ozoni ndiyo inayoipasha stratosfia kwa kufyonza urujuanimno, na ikipungua, stratosfia hupoa vilevile. Mwanafunzi makini atakubana hapo, na atakuwa na haki.

Hoja ninayoitumia darasani ni ya kalenda. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuachana na gesi zinazoharibu ozoni, ilitiwa saini mwaka 1987, matumizi ya CFC yakashuka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ozoni ya dunia haiendelei kuporomoka, inapona polepole. Joto la dunia katika kipindi hicho hicho limeendelea kupanda, na mwaka 2024 umevunja rekodi zote zilizotangulia. Kama ozoni ingekuwa chanzo, mistari hiyo miwili isingeachana namna hiyo. Wanafunzi wakiichora wenyewe kwenye karatasi ya grafu, darasa hutulia kidogo.

Halafu fundi wa majokofu huniharibia. Kila mwaka yupo mwanafunzi ambaye baba au mjomba wake anajaza gesi kwenye friji, naye huuliza: “Mwalimu, kwani ile gesi haileti joto?” Inaleta. CFC hutoboa ozoni na wakati huohuo ni gesijoto kali, kwa hiyo Itifaki ya Montreal imepunguza pia kasi ya ongezeko la joto bila kuwa imeundwa kwa ajili hiyo. Gesi za HFC zilizochukua nafasi yake, mfano R-134a, haziigusi ozoni, lakini kilo moja hupasha zaidi ya mara elfu ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka mia. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali kuongeza kwenye Itifaki hiyo kipengele cha kuzipunguza. Ozoni yenyewe nayo ni gesijoto. Mambo haya mawili, basi, yanagusana kweli, na vitabu vinavyoyatenga kwa ukuta mnene vinamwacha mwalimu bila jibu mbele ya mtoto wa fundi.

Sina hakika pia na mfano wa blanketi, ambao sote tunautumia. Unafaa kueleza joto linalozuiwa kutoka, lakini blanketi lina matundu, na mara tu ninapolitaja, nusu ya darasa hulitoboa na kunirudishia ozoni yao. Nimejaribu kufundisha bila mfano wowote, kwa kipimajoto na usiku wenye mawingu ukilinganishwa na usiku mweupe wa kiangazi hapa Dodoma. Wanaelewa kwamba mawingu huzuia joto, kisha wanauliza kama tatizo la dunia ni mawingu. Bado natafuta njia.

Kuhusu mtihani, nawaambia waanze na kaboni dayoksaidi, wafuatishe methane na oksidi ya nitrasi, waziandike CFC na HFC kama gesijoto, na ozoni waitaje pale tu swali linapouliza miale ya urujuanimno. Sijui ni wangapi watapoteza alama kwa kunisikiliza, na jambo hilo halinipi raha. Mwongozo niliurudisha kwa waandaaji nikiwa nimesahihisha kipengele hicho kwa wino mwekundu. Nilijibiwa kwamba hoja imepokelewa, ila alama zimeshaingizwa.