Mzigo wa Ajali za Barabarani Maana Yake Nini?

Aliyewahi kusimama Mbalizi, huku Mbeya, akatazama malori yakishuka mteremko wa Iwambi, breki zikinuka, hahitaji kuelezwa ajali ni nini. Neno linalohitaji maelezo ni "mzigo". Wataalamu wa afya ya jamii wakisema mzigo wa ajali, wanazungumzia miaka ya uhai na ya afya njema ambayo ajali zimewanyang'anya watu.

Kipimo hiki kilijulikana sana mwaka 1993 kupitia ripoti ya Benki ya Dunia. Hesabu yake huanzia kwa waliokufa. Tuseme mtu angefika miaka 70: dereva wa bodaboda akifa na miaka 22, imepotea miaka 48, mzee wa miaka 66 akifa, minne. Ndiyo maana ajali huwa nzito kwenye hesabu hii, kwani duniani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29.

Halafu wanakuja majeruhi, ambao kwa maoni yangu tunawasahau mapema mno. Redio ikitangaza "wanne wamefariki, kumi na wawili wamejeruhiwa", kesho yake tunawazika wale wanne, na wale kumi na wawili hatuwasikii tena. Kipimo hiki kinawafuata. Kila ulemavu hupewa uzito kati ya 0, yaani afya kamili, na 1, yaani kifo. Kukatwa mguu mmoja bila kupata mguu wa bandia kuna uzito wa kama 0.17, ukipatikana wa bandia, hushuka hadi kama 0.04. Zidisha uzito huo kwa miaka: kijana akiishi miaka 40 bila mguu wa bandia, amepoteza karibu miaka 7 ya afya, akiwa nao, haifiki 2. Ajali ni ileile, mguu ni uleule. Na huku kwetu kwenye vilima, kupanda kwa magongo hadi shambani wakati wa mvua si jambo dogo.

Mzigo huu hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka 1996 watafiti Christopher Murray na Alan Lopez walikadiria kwamba ajali za barabarani, zilizokuwa nafasi ya 9 kati ya visababishi vya mzigo huu duniani mwaka 1990, zingepanda hadi ya 3 ifikapo 2020. Mwaka 2021 ziliua watu kama milioni 1.19, wengi mno wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Tena hospitali zikiokoa majeruhi wengi zaidi, vifo hupungua huku miaka ya ulemavu ikiongezeka. Anayetazama vifo peke yake atadhani mambo yametulia.

Kuna mtu mmoja ambaye hata kipimo hiki hakimhesabu: mama aliyeacha viazi vyake Uyole bila kupaliliwa, akae wodini miezi mitatu kando ya mwanawe aliyefungwa vyuma mguuni.