Je, Wajua Kwa Nini Laptopu ya Kisasa Hulemewa Kuiga Kompyuta Dhaifu ya Setilaiti?

Kompyuta iliyomo ndani ya Curiosity, kile kigari cha Marekani kinachotembea kwenye sayari ya Mirihi tangu Agosti 2012, inakwenda kwa megahezi zisizozidi 200, yaani mapigo ya saa yasiyozidi milioni 200 kwa sekunde, na ina kumbukumbu ya megabaiti 256. Ingia duka lolote la simu hapa Dodoma mjini, chukua hata simu ya bei ya chini, utakuta inaizidi mbali. Sasa tuseme unaichukua programu ya kompyuta dhaifu namna hiyo, unaiweka kwenye laptopu ya gigahezi 3 ijifanye iko angani. Si itamaliza kazi kufumba na kufumbua?

Mara nyingi haimalizi. Kwa miaka mingi wahandisi wa vyombo vya anga wamehangaika kufanya kiigaji kifikie tu kasi ya kompyuta halisi, achilia mbali kuipita. Hadi leo kuna watafiti ambao kazi yao ni hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu huo udhaifu. Si kwamba NASA au Shirika la Anga la Ulaya, ESA, wamekosa fedha za kununua chipu mpya. Huko juu mionzi ni mingi, na chembe moja yenye nguvu ikipenya kwenye chipu ya kawaida inaweza kugeuza 0 kuwa 1, au kuiunguza kabisa. Chipu za anga hutengenezwa zihimili hayo, hupimwa kwa muda mrefu, na zikishaaminika hakuna mwenye haraka ya kuziacha. Ndiyo maana Perseverance, kilichotua Mirihi Februari 2021, kilikwenda na prosesa (chipu inayotekeleza amri za programu) ya aina ile ile ya Curiosity, RAD750. Ulaya nao wana familia yao, LEON, iliyoanzia ESA mwishoni mwa miaka ya 1990, na nyingi kati yake hukimbia kwa makumi ya megahezi tu.

Na kwa nini mtu ahangaike kuiga? Kwa sababu chombo kikishaondoka hakuna fundi wa kukifuata. Programu yake lazima isumbuliwe vya kutosha ikiwa bado hapa chini: kihisi kimoja kife, betri ishuke, Jua lifichwe na Dunia, amri mbili zifike kwa pamoja. Kompyuta halisi ya kufanyia majaribio hayo ni ghali, zipo chache, na kila timu inaitaka. Basi hujengwa kiigaji, yaani programu inayojifanya prosesa, kumbukumbu, vihisi, magurudumu ya kugeuzia chombo, injini ndogo ndogo na hata njia ya chombo kuizunguka Dunia. Programu ya chombo huwekwa humo, nayo haina namna ya kujua kwamba haijaruka. Waongozaji nao hufanyia mazoezi humo kabla ya siku ya kurusha.

Jambo hili si la mbali nasi kama linavyosikika. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, na mkulima wa uwele au mtama kule Chamwino hana msimu wa pili wa kufidia. Picha za mawingu wanazozitazama watabiri wa hali ya hewa barani Afrika hutoka kwenye setilaiti za Meteosat, zilizoko kilomita 36,000 hivi juu yetu. Setilaiti ya kwanza ya kizazi chake cha tatu ilirushwa tarehe 13 Desemba 2022. Programu yake ikigoma, hakuna picha.

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliniuliza: "Mwalimu, samahani, kwa nini wasichukue msimbo ulioandikwa kwa lugha ya C wakaukompaili upya, yaani waugeuze kuwa amri za laptopu? Si utakimbia wenyewe bila kuigiza chochote?"

Inawezekana, na katika hatua za mwanzo hufanyika. Shida ni kwamba hapo umepima programu nyingine, si ile itakayoruka. Kompaila nyingine hupanga amri kwa namna nyingine. Namba inayofurika kule, yaani inayozidi nafasi iliyotengewa, inaweza kutosha vizuri huku. Kisa cha Ariane 5 kinafaa kusimuliwa kwa kirefu hapa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikadumu hewani kama sekunde 40. Kifaa chake cha kupima mwelekeo na mwendo kilirithi programu ya Ariane 4. Ariane 5 ilichanganya mwendo wa mlalo mapema kuliko mtangulizi wake, na thamani iliyokokotolewa kutokana na mwendo huo ikashindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo haibebi zaidi ya 32,767. Kifaa kikajizima. Kile cha akiba kilikuwa na programu ile ile, nacho kilikuwa kimekwishajizima muda mfupi sana kabla, kwa sababu hiyo hiyo. Kompyuta kuu ikapokea taarifa za hitilafu, ikazisoma kama taarifa za safari, ikaipindisha roketi mpaka ikavunjika.

Tume iliyochunguza ilikuta kwamba katika majaribio ya pamoja huku chini, kifaa hicho halisi hakikuunganishwa. Mahali pake ilikaa programu ya kukiigiza. Kilichokuwa na kasoro ndicho kilichoachwa nje ya mtihani.

Kwa hiyo mwenye kujali hutaka baiti zile zile zitakazoruka ndizo ziingie kwenye kiigaji, bila kuguswa hata moja. Na hapo ndipo kasi inapoanza kuvuja.

LEON inafuata seti ya amri iitwayo SPARC. Laptopu nyingi zina prosesa za Intel au AMD, ambazo amri zake ni tofauti kabisa. Katikati hukaa emuleta, ile sehemu ya kiigaji inayojifanya prosesa kwa kutafsiri amri zake. Chukua amri moja tu ya SPARC, ile ya kujumlisha rejesta mbili, yaani vijisanduku vya namba vilivyomo ndani ya prosesa. Emuleta inachota baiti nne za amri hiyo. Inazigeuza mpangilio, maana SPARC huanza na baiti kubwa na Intel huanza na ndogo. Inachambua biti kujua hii ni amri gani. Inatafuta rejesta zinazotajwa, na SPARC ina tabia ya kubadilisha fungu la rejesta kila programu inapoita kazi nyingine, kwa hiyo lazima ijue ni fungu gani liko mbele sasa. Inajumlisha. Inaandika jibu. Inasogeza saa ya bandia. Inaangalia kama kuna kifaa kinachopiga hodi. Kisha inaanza upya na amri inayofuata.

Tuseme safari hiyo yote inagharimu amri 50 za laptopu, na laptopu inatekeleza amri moja kwa kila pigo la saa (za kisasa hufanya zaidi, lakini tusikimbilie huko). Bilioni 3 ukigawa kwa 50 unapata milioni 60 kwa sekunde. LEON ya megahezi 80, inayokaribia amri moja kwa kila pigo, imekwishakushinda. Na sasa kuna GR740, ya ukoo huo huo wa LEON, yenye kori nne, yaani prosesa nne ndani ya chipu moja, za megahezi 250 kila moja. Hizo ni hadi amri bilioni moja kwa sekunde.

Ufumbuzi uliobadilisha mambo unaeleweka vizuri ukienda mkutano wa hadhara, tuseme kule Mvumi. Mzee anazungumza Kigogo, mgeni hajui neno, mkalimani anasimama kando na kutafsiri sentensi kwa sentensi. Hiyo ndiyo emuleta ya kizamani. Sasa mzee huyo akirudia hotuba ile ile, neno kwa neno, kila siku ya Mungu, kuna haja gani ya kuitafsiri upya? Unaiandika mara moja, kesho unampa mgeni karatasi asome. Programu ya chombo ni mzungumzaji wa namna hiyo hasa: mara kadhaa kwa sekunde inasoma vihisi, inakokotoa mwelekeo, inaamuru magurudumu, inatuma taarifa, inasubiri, inarudia. Emuleta mpya huchukua kipande kizima cha amri za SPARC, hukigeuza kuwa amri za Intel, hukihifadhi, na safari zinazofuata hukiendesha moja kwa moja. QEMU, programu huria aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, inafanya kazi hivyo, na ongezeko la kasi ni la mara nyingi.

Lakini tafsiri iliyohifadhiwa huchacha. Waongozaji wakituma kiraka cha kurekebisha programu, baiti za kumbukumbu zinabadilika, na emuleta isipotambua hilo itaendelea kuendesha toleo la zamani huku kila mtu akiamini anapima jipya. Kwa hiyo inabidi ichunge kila uandishi kwenye kumbukumbu, na uchungaji huo nao unakula muda.

Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni saa. Programu hizi hazihukumiwi kwa jibu sahihi peke yake. Jibu lazima lije kwa wakati. Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya data za hali ya hewa ilikuwa inashika kufuli (alama inayoruhusu kazi moja tu kwa wakati kutumia kitu cha pamoja) ambalo kazi kubwa ya kusimamia njia ya taarifa ililihitaji. Ile ndogo ikakatizwa na kazi ya kati, kufuli likabaki mkononi mwake, ile kubwa ikasubiri mpaka saa ya ulinzi ikaamua mambo yameharibika na kuiwasha kompyuta upya. Amri zote zilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kwenye nani anakutana na nani, saa ngapi. Wahandisi waliendesha nakala ya kompyuta hiyo hapa duniani mpaka hitilafu ikajirudia mbele ya macho yao, kisha wakatuma marekebisho. Emuleta inayokimbia bila kujali mapigo ya saa ingeweza kupita hapo mchana kweupe isione kitu.

Ndiyo maana utafiti wa eneo hili ni mvutano mtupu. Kori nne kwa mfano: emuleta huipa kori ya kwanza amri elfu kadhaa, kisha ya pili, kisha ya tatu, zamu kwa zamu. Zamu ikiwa ndefu, kasi inapanda, ila kori zinaacha kugongana kama zinavyogongana angani, na kasoro za aina ya Pathfinder zinajificha. Zamu ikiwa fupi, kasi inakufa.

Zipo njia za mkato zisizo na dhambi. Chombo hutumia muda mwingi kusubiri tu, basi emuleta ikigundua programu imekaa bure huirusha saa ya bandia moja kwa moja hadi tukio linalofuata. Unaweza pia kuhifadhi hali nzima ya chombo saa moja baada ya kurushwa, ili kila jaribio lianzie hapo. Au uache kuhangaikia kiigaji kimoja chenye kasi, uendeshe mia moja vya polepole kwa pamoja kwenye seva, kila kimoja na hitilafu yake. Hii ya mwisho huwa inadharauliwa na watafiti, labda kwa kuwa haina ufundi wa kuandikia tasnifu, lakini kwa majaribio mengi inatosha kabisa.

Anayetaka kujionea hahitaji kwenda Ulaya. QEMU ni ya bure na ina mashine iitwayo leon3_generic. Pakua RTEMS, mfumo endeshi huria ambao umekwisharuka kwenye vyombo vya anga, kompaili programu ndogo kwa ajili ya LEON3 na uiendeshe. Kisha iendeshe tena ukiwa umewasha chaguo la icount, linaloilazimisha QEMU kufungamanisha saa ya bandia na hesabu ya amri. Linganisha muda wa mara ya kwanza na wa mara ya pili.