Ua la kifuani la bwana harusi: waya kwanza, gundi baadaye

Maua ya kifuani yanayodondoka ukumbini kabla keki haijakatwa mara nyingi yameshikizwa kwa gundi tupu. Gundi ya moto hushika vizuri ukiwa mezani, lakini ikipata joto hulegea, na gari lililoanikwa juani Dar es Salaam lina joto la kutosha. Mshikaji ni waya.

Kwa ua moja tafuta waridi la kitambaa lenye upana wa sentimita 4 hivi, vichipukizi viwili, majani mawili au matatu, waya wa milimita 0.5, tepu ya kijani ya maua, utepe wa satini wa sentimita 30 na pini mbili za kichwa cha lulu. Ukienda Kariakoo, beba kipande cha kitambaa cha gauni na ukilinganishe nje ya duka. Chini ya taa, nyeupe na krimu hufanana. Kwenye picha zitaachana.

Maua ya kitambaa kwa kawaida hayajashonwa. Tabaka za petali zimechomekwa tu kwenye kijiti cha plastiki, ukikata vibaya zote zinakumwagikia. Kwa hiyo tia tone la gundi chini ya kila tabaka kwanza, liache lipoe, ndipo ukate kikonyo na kubakiza sentimita 1. Pitisha waya wa sentimita 20 katikati ya kitako, utokee upande wa pili, kunja ncha zote mbili za waya chini na uzisokote. Kitako kikiwa kigumu, toboa kwa sindano iliyopashwa moto, ukiishika kwa koleo.

Tepu ya maua huwasumbua wengi. Ni karatasi yenye nta, na haishiki mpaka uivute irefuke. Izungushe kwenye kikonyo na waya wake kwa mshazari, ukishuka huku ukivuta. Asiyevuta huikuta imefunguka, halafu lawama zinamwendea muuza duka!

Panga jani la nyuma kwanza, lizidi ua kidogo, kisha waridi, kisha vichipukizi, kimoja juu ya kingine. Kikonyo chote kisizidi sentimita 6 wala unene wa penseli. Ncha za waya zikunje ndani, la sivyo zitachana koti la watu. Funika kwa utepe. Miisho yake ipitishe haraka karibu na mshumaa isifumuke.

Ua hukaa kola ya kushoto. Ingiza pini kutoka nyuma ya kola, ivuke kikonyo, irudi nyuma. Ya pili ipishane nayo. Pini moja huliacha ua lipinduke bwana harusi akikumbatiwa, na siku hiyo kukumbatiwa hakuishi. Kwa shati jepesi weka kipande cha felti nyuma. Wapo wanaopenda sumaku, ila asivalishwe mzee mwenye kifaa cha mapigo ya moyo.

Kichana cha maua cha nywele za bibi harusi hufuata kanuni hiyohiyo: waya uzungushwe mara mbili kila pengo la meno, maua mazito yakae katikati. Nywele zilizosukwa, kishone kwa uzi wa rangi ya nywele.